Mtu wa Kampuni

Fabian Limbu alipomwambia Esteria kwamba kota anayoishi inatakiwa, Esteria alicheka. Alidhani kijana anatania. Alimjua tangu akiwa mtoto wa kaptura, akipanda juu ya marobota ya pamba mpaka wapakiaji wamfukuze, na zaidi ya mara moja alimfuta makamasi kwa khanga yake mwenyewe.

"Inatakiwa na nani?" aliuliza.

"Na kampuni."

"Sasa mimi ni nani, kama si kampuni?"

Hakuna aliyecheka naye. Fabian alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake, nyuma ya meza ya baba yake. Pembeni alikaa Rachel, mwanamke mwenye miwani aliyeletwa kutoka Mwanza kuwa afisa rasilimali watu, wa kwanza tangu kiwanda kifunguliwe. Rachel ndiye aliyeeleza, polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Kuanzia msimu huu kiwanda hakitaajiri mtu moja kwa moja. Wapakiaji, walinzi, wanawake wa kuchagua pamba, wote watakuja kupitia kwa wakala. Anayetaka kazi aende ofisi ya wakala, kule karibu na stendi, akaandikishe jina. Na kota za nyuma ya ghala zitabomolewa ili malori yapate pa kuegesha.

"Na mimi niende kwa wakala?"

"Na wewe, mama. Kwa umri wako sijui kama watakuchukua, ila kujaribu si vibaya."

Esteria alimgeukia Fabian. "Baba yako aliniahidi. Mbele ya watu wote."

"Kila msimu umesaini mkataba wa msimu mmoja," Rachel akasema. "Saini ni zako."

"Mzee alisema hizo ni karatasi za kuwaridhisha watu wa serikali."

"Mzee alisema mambo mengi," Fabian akajibu, akachukua simu yake mezani na kuanza kuisoma. Ndivyo Esteria alivyojua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Aliingia katika kiwanda kile cha kuchambua pamba, pale Bariadi, akiwa binti, akitokea Sapiwi kwa wazazi wake. Alianza kwa kukaa chini na wanawake wengine, wakitoa majani na vijiti kwenye pamba kabla haijaingia mashineni. Baadaye akawa nyapara wao, na alikuwa nyapara mkali. Aliyechelewa alirudishwa getini. Aliyekwenda kunyonyesha akakawia, alisikia jina lake likiitwa mbele ya wenzake. Mwenyewe hakukosa kazi hata siku moja ya msimu. Akiugua alikuja vivyo hivyo, anatetemeka. Mume aliyewahi kumuoa alimwambia achague, yeye au kiwanda, naye akachagua. Watu walimwita Mtu wa Kampuni, kwa kumsengenya, na yeye alipolisikia jina hilo alilipenda.

Halafu ghala likaungua. Moto wa pamba hauonekani haraka, unakula ndani ya robota kimyakimya mpaka siku unapotokeza nje. Wanaume walikimbia. Esteria aliingia katikati ya moshi, akafungua mlango wa nyuma ili boza la maji lipate pa kupitia. Komeo la chuma lilikuwa limepata moto, na ngozi ya kiganja chake ilibaki pale mlangoni. Nusu ya ghala ilipona. Kesho yake Mzee Limbu alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, mkono umefungwa bendeji, akasema, "Huyu haondoki hapa. Atakula hapa, atazeeka hapa, na siku akifa jeneza lake litatoka kwa geti hili, na kama nitakuwa hai nitatangulia mbele." Watu walipiga makofi. Wiki ile ile akapewa kota, chumba na sebule, mabati mapya.

Kwa maneno hayo Esteria aliishi kama mtu aliyepewa shamba. Ndiyo maana mgomo ulipotokea aliuona ni matusi. Wafanyakazi walitaka barakoa za kuzuia vumbi na walitaka ajira ya kudumu. Msemaji wao alikuwa Masunga, mpakiaji, mume wa Kwandu, mdogo wake Esteria wa tumbo moja. Ajira ya kudumu ya nini tena, Esteria alimuuliza, wakati Mzee ameshasema? Masunga akamjibu, "Shemeji, kakwambia wewe. Sisi hajatuambia kitu."

Mzee alimwita Esteria, akampa lori na dereva. Akaenda nalo Sapiwi, kwao, akalijaza wanawake, wengine wakiwa marafiki wa Kwandu wa tangu utotoni, akawapitisha getini huku waliogoma wamekaa nje juani wakitazama. Mgomo ukafa siku ile ile. Masunga na wenzake wakafukuzwa. Jioni Kwandu alikuja getini akamwita dada yake kwa jina, kavu, mbele ya walinzi. "Esteria. Kuanzia leo usinijue." Esteria alirudi ndani kuendelea na kazi. Alijiambia kwamba Kwandu atapoa. Miaka ilipita, na Kwandu hakupoa.

Sasa, baada ya kutoka ofisini kwa Fabian, Esteria hakwenda kwa wakala. Alivaa gauni lake la kanisani akapanda basi la Maswa, akashuka Binza, ambako Mzee Limbu alihamia tangu ugonjwa wa sukari ulipomkata miguu nguvu. Mkewe mdogo, Pelagia, alimpokea mlangoni bila furaha, akamwonyesha barazani. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miguu kwenye beseni la maji. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale yale ya kupima mzigo.

"Mwangaluka, baba," Esteria alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Esteria. Kaa."

Hakukaa. Alisimulia yote amesimama: wakala, kota, yule mwanamke wa miwani. Mzee alisikiliza akitikisa vidole vya miguu majini. Alipomaliza, Mzee akasema, "Ndiyo. Fabian aliniambia."

"Uliniahidi, baba. Kwa mdomo wako."

"Nilisema. Nakumbuka vizuri. Na fundi Severine nilimwambia hivyo hivyo aliponitengenezea mashine. Na yule dereva wa Lalago pia. Mtu ukimwambia hivyo anafanya kazi kwa moyo. Ninyi mlitaka kusikia, na mimi nilikuwa na mdomo."

"Kwa hiyo ulikuwa unanidanganya."

"Siku ile sikudanganya. Siku ile moto ulikuwa umezimwa, nilikuwa na furaha. Mtu akiwa na furaha anasema." Alinyoosha mkono, Pelagia akampa taulo. "Sasa kiwanda ni cha Fabian. Unataka nigombane na mwanangu kwa ajili ya chumba na sebule?"

Esteria alisogea mpaka kwenye ukingo wa beseni. "Mimi niligombana na mdogo wangu kwa ajili yako."

Mzee alimtazama kwa mshangao, na mshangao ule haukuwa wa kuigiza. "Sikukutuma ugombane na mdogo wako. Nilikutuma ulete wanawake. Ungeweza kukataa."

Pelagia alileta soda kwenye sinia. Esteria aliiacha palepale. Barabarani aliwaza maneno mengi ya kumjibu yule mzee, yote makali, lakini moja tu ndilo lililomrudia njia nzima mpaka Bariadi, nalo halikuwa lake. Ungeweza kukataa. Alimchukia kwa kulisema, na alimchukia zaidi kwa sababu hakupata pa kulipinga.

Hakuhama. Ilikuwa ni ubishi mtupu na yeye mwenyewe alilijua hilo. Kota ya jirani, ya fundi Severine, ilibaki wazi, mlango unapigapiga. Wakamkatia umeme. Akanunua koroboi. Wakamkatia maji, akawa anachota kwa jirani ng'ambo ya barabara, mwanamke ambaye zamani Esteria alimrudisha getini kwa kuchelewa, na ambaye sasa alimwacha asubiri mpaka kila mtu mwingine ajaze ndoo yake. Esteria alisubiri. Mlinzi wa geti, kijana wa wakala asiyemjua, alianza kumuuliza kila anapotoka, "Mama, unatafuta nani humu?" Naye kila mara alimjibu, "Nakutafuta wewe, nikuonyeshe choo kilipo," akapita.

Asubuhi moja alikuwa anakoroga uji aliposikia ngazi ikiegemezwa ukutani, kisha miguu juu ya bati. Vumbi likadondoka ndani ya sufuria. Alitoka nje akainua uso. Juu ya paa walikuwa vibarua wawili, na mmoja wao, mwenye mtaimbo mkononi, alikuwa Masunga.

Hawakuwa wamesemeshana tangu mgomo. Masunga alikuwa amezeeka upande mmoja wa uso, kama mtu aliyelala vibaya miaka mingi. Alivaa fulana ya wakala, mpya, yenye mikunjo ya dukani.

"Wamekuchagua wewe makusudi," Esteria alisema.

"Hawanijui mimi ni nani. Walisema nani anaweza kuezua, nikanyoosha mkono."

"Ulijua ni nyumba yangu."

"Nilijua."

Mtaimbo ukaingia chini ya bati la kwanza, misumari ikalia. Esteria alirudi ndani akaketi kwenye stuli katikati ya sebule. Jua lilimwangukia kwanza miguuni, halafu magotini. Kila bati lilipoondoka, vitu vyake vilionekana vidogo na vichafu zaidi: kabati lenye mguu wa tofali, kalenda za kampuni za miaka iliyopita, khanga za zawadi za kila mwanzo wa msimu. Nje ya uzio wanawake waliokuwa wakisubiri kazi walikusanyika kutazama. Mmoja alisema kitu kwa Kisukuma na wengine wakacheka.

"Masunga," Esteria aliita kutoka chini. "Leo wananifanyia mimi. Kesho ni wewe. Huyo wakala atakutupa kabla msimu haujaisha."

"Najua."

"Sasa kwa nini unawasaidia?"

Masunga alichuchumaa kwenye boriti, akamtazama kutoka juu. Hakuwa na haraka. "Kwa sababu nina watoto wanaokula. Wewe ulileta lile lori ukiwa na sababu gani? Hukuwa na njaa. Ulikuwa na kota, ulikuwa na cheo. Mimi ninaezua nyumba yako kwa kuwa nimelipwa. Wewe ulituua bure, kwa mapenzi tu."

Kisha akarudi kung'oa. Bati la mwisho alilishusha taratibu lisimkate, na hilo halikuwa la huruma. Angemshushia taratibu mtu yeyote. Waliyapakia mabati kwenye mkokoteni na kuondoka, ngazi begani. Esteria aliuangalia uji wenye vumbi, akaumwaga.

Alikaa katika nyumba ile isiyo na paa siku kadhaa, amejifunika turubai. Mvua za kwanza zilimkuta humo na kulowesha godoro. Hapo ndipo Fabian alipokuja mwenyewe, peke yake, mchana, akiruka madimbwi kwa viatu vyake vyeupe. Alisimama kwenye kizingiti, pasipo kujua kama anapaswa kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na juu.

"Shikamoo, mama Esteria."

Esteria hakuitika.

Fabian alieleza. Wanawake wa kuchagua pamba waliona masharti ya wakala, wakasema hawaingii. Wamekaa nje ya geti tangu juzi. Magari ya pamba yanashusha na hakuna wa kuchagua. Alizungumza kama mtu anayelalamikia hali ya hewa. "Mzee amenikumbusha kwamba wewe uliwahi kutusaidia. Unawajua watu wa Sapiwi. Lori lipo. Ukiniletea wanawake kesho, mabati yanarudi kesho hiyo hiyo, na unakaa hapa mpaka utakapochoka mwenyewe. Nakuahidi."

Lilikuwa neno lile lile, ila kinywa kilikuwa kipya, chenye meno yote. Esteria alitamani sana kusema ndiyo. Hilo hakumficha mtu baadaye. Godoro lilikuwa linanuka, mgongo ulimuuma, na kichwani mwake tayari alikuwa ameanza kupanga aanzie nyumba ipi kule Sapiwi, mama yupi mwenye mabinti watatu, yupi amefiwa na ng'ombe na hana namna. Kazi hiyo aliijua. Mwili wake ulisimama wenyewe, kama unavyosimama king'ora kinapolia.

"Baba yako alisemaje hasa?" aliuliza. "Niambie maneno yenyewe."

Fabian akatabasamu, akidhani wameshaelewana. "Alisema, mwite Esteria, yule hakatai."

Esteria aliinama, akaokota ndoo iliyojaa maji ya mvua, na kabla Fabian hajaelewa, ilikuwa imemwagwa yote miguuni kwake, kwenye vile viatu.

"Mwambie amekataa," alisema. "Na wewe toka nyumbani kwangu."

"Hii si nyumba yako."

"Basi toka nyumbani kwako."

Kesho yake walikuja walinzi wa wakala wakamtoa. Walitupa kabati nje ya uzio, godoro, sufuria, kalenda. Wanawake waliokuwa wamekaa getini walimtazama akikusanya vyombo vyake. Walikuwa wamesikia kilichotokea; habari kama hizo hazihitaji miguu. Hakuna aliyeinuka kumsaidia. Mmoja alisogeza mguu ili apite, basi. Naye hakuwasemesha. Hakuwa amekataa kwa ajili yao, na wao hawakuwa wajinga wa kudhani hivyo.

Wala haikusaidia kitu. Wakala aliwapata wanawake Lalago, mbali kidogo, ambako hakuna aliyeijua hadithi. Mgomo ukaisha kama ule wa kwanza, lori kupita getini na vumbi kuwatulia waliokaa. Masunga aliachishwa kabla pamba haijaisha, kama alivyotabiriwa. Esteria alipopata habari hiyo alifurahi kidogo, kisha akachoka.

Alipanga chumba upande wa sokoni na kuanza kuuza dagaa. Wachuuzi wa Lamadi waliwaleta kutoka ziwani kwenye magunia, naye akawa anawapepeta mchanga na kuwapanga kwa mafungu. Mwanzoni wateja walimkwepa. Baadaye wakanunua, maana dagaa wake walikuwa safi. Kumsalimia ilikuwa shauri lingine.

Kwandu alikuja wakati wa mavuno ya mtama. Aliingia chumbani moja kwa moja, akabaki amesimama, mkoba begani. Walifanana zaidi kuliko zamani. Unene ulikuwa umewafikia wote wawili mahali pale pale.

"Mama anaumwa," Kwandu alisema. "Anasema uende Sapiwi ukamwone. Nimeleta ujumbe."

"Kaa unywe chai."

Kwandu alifikiri, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Esteria akamimina chai ya rangi kutoka kwenye chupa, akaongeza sukari kama mdogo wake alivyoipenda utotoni, kisha akajuta kuongeza, lakini Kwandu alikunywa. Nje mtu alikuwa anapigia kelele mbuzi aliyeingia kwenye nyanya zake.

"Watu wanasema ulimmwagia Fabian maji," Kwandu akasema.

"Nilimmwagia."

"Wengine wanasema umebadilika. Mama naye anasema hivyo. Analia kwa furaha kabisa." Alikiweka kikombe sakafuni. "Nataka nikuulize jambo moja, na usinidanganye. Angekuja siku ile ya kwanza, kabla hawajakuezua. Angesema unabaki na kazi, unabaki na kota, lete tu wanawake. Ungekwenda?"

Esteria alitazama mikono yake, kile kiganja kisicho na mistari. Lingekuwa jambo rahisi kusema hapana. Mama yake alishaliamini. Na soko zima lingekuja kuliamini, taratibu.

"Ningekwenda," alisema.

Kwandu alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Nilijua. Masunga anabisha, anasema dada yako sasa ni mtu mwingine, mkaribishe nyumbani. Nikamwambia mimi nimezaliwa naye." Alisimama, akajifunga khanga vizuri. "Nyumbani kwangu usije bado. Lakini kwa mama nenda. Nenda Jumamosi, mimi sitakuwepo."

"Nitakwenda."

Mlangoni Kwandu aligeuka, akaangalia magunia ya dagaa, akaangalia neti yenye matundu juu ya kitanda. Kisha aliinama, akachota dagaa kiasi kwa kiganja, akawanusa na kuwarudisha.

"Hawa wa juu wameshika unyevu," alisema. "Waanike leo, jua bado lipo."

Akaondoka. Esteria alisubiri mpaka hatua zake ziishe uchochoroni, kisha akaburuta gunia mpaka uani, akatandika turubai chini, akaanza kuwamwaga.